Mwalimu Niliyemkana Getini

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso hunishuka. Nilikuwa na miaka ishirini, mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya Diani. Shati jeupe, viatu vya kung'aa. Nilijiona nimefika.

Kwetu ni huku mashambani Msambweni, kwenye ardhi waliyopewa wazee wetu waliotoka bara. Kanisa letu lilikuwa la udongo na makuti, na aliyetulea kiimani ni Mwalimu Ndunge, mjane aliyelima mihogo. Jumamosi alituimbisha, Jumapili alitufundisha Neno, na ukiugua alikuja akaketi kando ya kitanda chako, akakuombea kwa jina lako, si kwa jumla jumla. Mimi hata kusoma sawasawa alinifundisha yeye, kwa Biblia yake iliyotoka jalada.

Nilipopata kazi nikaliacha kanisa. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga; mimi niliuacha. Miezi mitatu sikuonekana. Mchana mmoja bawabu wetu, Mzee Hamisi, akaniita getini. Mwalimu Ndunge alikuwa amesimama juani, miguu imejaa vumbi la njia. Nyuma yangu wenzangu wawili walikuwa wakicheka.

"Mama huyu asema wewe ni mwanawe," alisema Mzee Hamisi.

"Simjui," nikajibu.

Mwalimu alinitazama kidogo. Kisha akamwambia bawabu taratibu, "Niwie radhi, baba. Pengine nimemfananisha." Akageuka, akaenda zake.

Mzee Hamisi hakunipigia kelele. Alingoja wenzangu waondoke.

"Kijana, mimi Mwislamu, wewe Mkristo. Lakini kwetu sote anayekufundisha kumjua Mungu ni mzazi. Yule mama alikutaja jina lako, la babako na la babu yako. Kisha akajitia makosani yeye ili usiaibike wewe. Mfuate."

Sikumfuata siku ile. Haya ilinifunga miguu. Nilikwenda Jumapili, nikamkuta anafundisha watoto. Nikasimama mlangoni kama mgeni. Aliponiona akawaambia, "Sogeeni. Kaka yenu amekuja kutusaidia kuimba."

Baada ya ibada nilimwendea. "Shikamoo, Mwalimu. Nilikukana."

"Marahaba. Nilisikia." Akanishika mkono. "Niliambiwa u mgonjwa, ndipo nikaja. Nilipokuona mzima, nilimshukuru Mungu njia nzima hadi nyumbani."

Mwanangu, nimesikia mahubiri mengi tangu hapo, mengine ya vipaza sauti vikubwa. Hayakunigeuza kama maneno hayo. Niliimba naye miaka kumi na minne, hadi tulipomzika. Waliolelewa naye walijaa shamba zima, wengine sasa wazazi, na Mzee Hamisi, mkongojo mkononi, alitoka Ukunda kuja kumsindikiza.

Basi nakuusia. Anayekufundisha kusali, anayekuuliza mbona hukuja kwaya, usimwone msumbufu. Hakosi kazi ya kufanya, amekuchagua wewe. Fadhila ya punda ni mateke, na wewe si punda. Mwendee leo, mwambie ahsante angali anasikia, na mbele za watu mtaje kwa fahari, hata kama waliokuzunguka wanacheka.

Mola akukuze katika imani, akulinde uendako na urudiko, na akujaalie mtoto wa mwenzio naye aje akuite mwalimu. Amina.