Rangi Mpya ya Pijo

Nilifika Igogo asubuhi, mvua ikinyesha, nikitokea Musoma. Nilikuwa naitafuta nyumba ya mama mmoja anayepangisha chumba, nikaelekezwa kwenye geti la bluu. Ndani, mzee mmoja alikuwa ameinama chini ya boneti ya Pijo 404 nyeupe, inayong'aa kama sahani ya harusi. Mkewe alikuwa amemshikia mwavuli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua umeme wa magari?"

"Sijui."

"Basi shika mwavuli, mama akatuletee chai."

Ndivyo nilivyofahamiana na Byabato, Mhaya wa Muleba, aliyepima pamba ya Wasukuma kiwandani miaka thelathini na kuoa kwao. Mama yake alikuwa amefariki juzi. Mazishi yalikuwa kesho mchana huko Muleba, na waipa za kufutia kioo cha gari hazikutikisika.

"Tupande basi, Baba Nice," alisema mkewe, Ng'washi, alipoleta chai.

"Nilimwahidi mama nitakwenda na gari, nimkalishe kiti cha mbele."

"Alitaka gari au alitaka mtoto?"

Byabato akakagua fyuzi; ilikuwa nzima. Aliugusisha waya wa mota kwenye taa ndogo ya kupimia, taa ikawaka. Nikasema labda mota imekufa. Akatikisa kichwa, akachukua kipande cha waya na kuunganisha mwili wa mota moja kwa moja na hasi ya betri. Waipa zikaamka, zikafuta kioo mara mbili. Alipouondoa, zikalala.

"Umeme unaingia," alisema. "Haupati njia ya kurudi."

Akafungua bolti inayoshikilia mota kwenye bodi. Palipotakiwa kuwa na chuma kitupu palikuwa na rangi nyeupe, nene, isiyopitisha umeme. Byabato aliikwaruza kwa ukucha.

"Fundi rangi alitaka kupaziba hapa kwa karatasi. Nikamwambia apake pote, nisione kutu hata chini ya bolti."

"Wahaya," alisema Ng'washi, akicheka kidogo. "Gari lingefika kwenu na kutu, majirani wangesemaje?"

"Wangesema maisha yamenishinda."

Kicheko kikaisha. Mama yake alipiga simu mwezi wa pili: njoo unipeleke Kamachumu nikaone kaburi la dada yangu, miguu imekataa. Byabato alimwambia asubiri gari lipakwe rangi. Kazi ya wiki mbili ikachukua miezi miwili na nusu, kwa sababu alilirudisha gari kwa fundi mara mbili, akidai haling'ai.

"Ningekwenda na kutu yangu," alisema. "Macho yake yenyewe yalishafifia. Rangi angeionea wapi?"

Alikwangua kwa msasa mpaka chuma kikaonekana, akakaza bolti, akawasha. Waipa zikafanya kazi.

Ng'washi, niliyekuwa nimeshamwomba chumba, alitoka na begi, akanikabidhi ufunguo. "Chumba chako ni cha nyuma. Maji hutoka alfajiri, kinga mapema." Akafungua mlango wa mbele wa gari.

"Kaa nyuma, Mama Nice," Byabato alimwambia.

Alikitazama kile kiti cha mbele, akamtazama mumewe, akaufunga mlango taratibu na kupanda nyuma. Niliwafungulia geti. Pijo ikaelekea barabara ya Misungwi, mzee akiwa peke yake mbele. Nikabaki uani na vikombe vitatu vya chai, kimoja hakijaguswa.