Mama Mkwe na Nati ya Difu

Kwa miaka kumi na moja mama mkwe wangu alikuwa hajawahi kuniita, kunipa mkono, wala kula mbele yangu, na ndivyo ilivyotakiwa. Ukoo wa mke wangu ni Wasukuma wanaoshika mambo yao. Mimi ni Msukuma wa mjini, wa Kambarage pale Shinyanga, na kwetu mambo hayo tuliyashika nusunusu. Kwao mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawakaribiani. Nikifika napiga hodi nje ya ua wa minyaa, yeye anaingia ndani, ndipo mimi naingia uani, na salamu zote zinapita kwa mke wangu. Sikuona tabu yoyote. Wapo walimu wenzangu ambao nikiwasimulia mpango huu wanautamani.

Mama anaishi kijijini, ndani kidogo kutoka Katoro. Marehemu baba mkwe alimwachia mashine ya kusaga, aliyoinunua mwaka alipobahatika machimboni. Watu walidhani mjane ataiuza. Yeye akajifunza kuifungua na kuifunga mwenyewe, na mafundi waliozoea kumdanganya wakaanza kumkwepa. Macho yake yalipoingia ukungu wa mtoto wa jicho, aliendelea kusaga kwa kusikiliza. Kwa sauti tu anajua mkanda umelegea, beringi inakaribia kufa, au mteja ameleta mahindi mabichi.

Tulimsihi miaka miwili akatibiwe. Alikataa kila mara, na kila mara kwa sababu mpya: mara mvua, mara mavuno, mara kuku anaatamia. Kisha wakaja Shinyanga madaktari wa macho kwa wiki moja tu, na jioni ya siku ya tatu mama akapiga simu akasema haya, njooni. Mke wangu aliweka simu chini akaniangalia.

"Twende kabla hajabadilisha mawazo," alisema. "Huyu namjua."

Tuliondoka usiku uleule tukalala Katoro, na Alhamisi asubuhi tukaingia kijijini. Siku ya mwisho ya madaktari kupasua ilikuwa Ijumaa.

Gari letu ni mkonga wa zamani, lile gari gumu la barabara mbovu, nilioununua mnadani kwa kiburi. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na nilijiaminisha kwamba mtu anayefundisha nguvu na wenzo hawezi kushindwa na spana. Mafundi niliwaona watu wa kubahatisha. Gari hilo nililihudumia mwenyewe, nikiwa na kaptula ya kazi na sura ya mtu anayejua, na majirani wa Kambarage walikuja kutazama wakinywa chai.

Njiani kuelekea kwa mama kuna daraja mfuto, lile la zege lililolala chini usawa wa mto, na maji ya mvua ya usiku yalikuwa yamelifunika. Nilipita taratibu, maji yakifika katikati ya milango. Tulipofika nikakumbuka somo langu mwenyewe: difu ya nyuma, lile bonge la chuma lenye gia katikati ya ekseli, ilikuwa ya moto, imeingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani imesinyaa, na kama kipumulio chake kimeziba, itakuwa imevuta maji. Nikaingia chini ya gari, nikalegeza kidogo nati ya chini, ile ya kutolea oili. Ikatoka oili nyeupe kama chai ya maziwa. Kwenda nayo hivyo hadi Shinyanga ni kuja kuikuta kengele ya difu, gia yake ya ndani, ikiwa vipandevipande.

Bahati nzuri nilikuwa na chupa za oili mpya nyuma ya kiti. Nikafungua nati ya chini yote, nikaacha oili imwagike kwenye beseni mpaka tone la mwisho, huku napiga mluzi. Kisha nikaweka spana kwenye nati ya juu, ile ya kujazia.

Haikusogea.

Hapa lazima niseme kitu ambacho kila fundi wa chini ya mwembe wowote Tanzania anakijua: unaanza kufungua ya juu. Ya juu ikigoma hujapoteza kitu, unaendelea na oili yako mbovu mpaka kwa mwenye vifaa. Mimi nilikuwa na difu tupu kabisa, tundu la kutolea likiwa wazi na la kuingizia likiwa limefungwa. Nilivuta. Nilisukuma kwa mguu. Nilichomeka bomba kwenye spana kuurefusha mkono, spana ikateleza, nikajigonga ngumi kwenye chesesi na kutoa neno ambalo sifundishi shuleni. Kona za nati zilianza kulika.

Mke wangu akainama nikaona uso wake ukiwa juu chini.

"Mwalimu, mama anauliza kama safari imeahirishwa."

"Mwambie bado kidogo."

"Ameuliza kwa furaha," akasema polepole. "Ameshaanza kufungua kifurushi chake."

Nilielewa. Pikipiki ilikuwa haiwezekani. Bodaboda ilimwangusha mwaka juzi na tangu hapo hataki hata kusikia muungurumo wake. Gari lingine la kukodi lisingethubutu kuvuka yale maji. Kama hatuondoki mchana ule, Ijumaa itapita, madaktari wataondoka, na mama atakuwa amepata sababu bora kuliko kuku yeyote anayeatamia. Angebaki na giza lake mpaka mwisho, na kosa lingekuwa langu.

Nikachukua nyundo, nikaanza kugonga kwa hasira. Gari lilikuwa limesimama kando ya kibanda cha mashine, na mama, kwa kunikwepa, alikuwa amejificha humo humo. Baada ya mapigo kama kumi nikamsikia akisema na binti yake, kwa sauti ya mtu aliyevumilia vya kutosha.

"Mwambie huyo anagonga spana. Nati haijaguswa hata mara moja. Nasikia."

"Mwalimu, mama anasema—"

"Nimesikia."

"Hujasikia mpaka nikwambie," mke wangu akanikata. Alikuwa ameanza kufurahia, nadhani. Akaurudia ujumbe wote.

Ndivyo tulivyoanza kazi. Mama aliuliza, kwa kupitia mke wangu, nati hiyo ni ya aina gani, imeingia kwenye chuma gani, mara ya mwisho ilifunguliwa lini. Nilijibu kwa njia hiyo hiyo. Akaagiza maji yachemshwe sufuria nzima, nimwagie chuma kinachoizunguka nati na nisiiguse nati yenyewe, ili chuma kitanuke wakati nati bado imesinyaa. Hilo ni somo la kidato cha pili na mimi ndiye ninayelifundisha.

Mke wangu akaenda jikoni, ng'ambo ya pili ya boma, kuwasha kuni mbichi za msimu wa mvua. Tukabaki wawili, mimi chini ya gari, yeye nyuma ya ukuta wa mabati, bila mtu wa kupitishia neno. Nilisikia akivuta kigoda.

"Wewe mashine," akasema mara, "mtu akishamwagia maji, kwanza anaikaza kidogo. Anaikaza, halafu ndiyo anaifungua."

Mashine ilikuwa imezimwa tangu jana. Nilichukua muda kuelewa kwamba maneno yale yalikuwa yangu, kisha nikaigeukia difu.

"Wewe difu," nikasema, "nati imegoma kufunguka, sasa kuikaza tena si itazidi kugoma?"

"Mashine, kuna watu wamesoma sana. Kutu imeshika upande mmoja. Ukiisogeza nati hata unywele kwenda kokote, kutu imekatika."

Nikacheka peke yangu mle chini, matope mgongoni. Ilikuwa kweli tupu. Kisha nikaona miguu yake kwenye yeboyebo ikitoka taratibu, ikipapasa ardhi, na haraka nikafumba macho kama inavyonipasa. Kitu kizito kilitua karibu na tairi. Nilipofumbua, ilikuwa tindo, imenolewa vizuri, na yeye alikuwa amerudi kwenye kigoda chake.

Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Mashine, mimi naogopa. Sijawahi kumwambia mtoto wangu. Kisu kuingia kwenye jicho! Sasa hivi naona vivuli. Wakikosea sitaona hata hivyo vivuli."

Siku zote nilidhani ni ubishi. Miaka miwili nilikuwa namcheka mezani kwangu, nahesabu visingizio vyake, na mwanamke huyu alikuwa na hofu tu, hofu ya kawaida ambayo mtu yeyote angekuwa nayo. Niliona aibu iliyonichoma kuliko ile ngumi.

"Difu," nikasema, "ndani ya jicho kuna kioo kidogo. Kikichakaa kinakuwa cheupe, mwanga haupiti. Daktari anatia dawa ya ganzi, anatoa kile kichakavu, anaweka kipya. Jicho lenyewe halitolewi. Ni kazi ya muda mfupi. Na mimi nitakuwa nje ya mlango muda wote, siondoki."

Mke wangu alirudi na sufuria ya maji ikitoa mvuke, akatutazama huku na huku.

"Mmekuwa kimya sana," akasema.

Akamwaga maji kidogokidogo nilipomwelekeza, mimi nikijikunja pembeni nisiungue. Nikaweka tindo kwenye ukingo wa nati, nikaigonga mara moja kuelekea kulia, kukaza, roho ikiniuma. Kisha nikahamishia upande wa pili, kushoto. Pigo la kwanza, hakuna kitu. La pili, la tatu. La nne lilitoa mlio mkavu, mfupi, na mimi sikuhisi tofauti yoyote mkononi.

"Imeachia!" mama akapiga kelele kutoka kibandani, kisha akakumbuka. "Mwambie imeachia."

Nikashika kwa koleo. Nati ikazunguka, ngumu mwanzoni, halafu laini, ikadondoka kifuani kwangu. Mke wangu alipiga vigelegele mpaka majirani wakatokeza vichwa juu ya minyaa kuuliza nani kaposwa.

Nikafunga ya chini. Mama akatoa mpira mwembamba wa kupitishia dizeli na faneli ya bati, mke wangu akasimama nyuma ya gari akimimina oili kwa juu, mimi chini nikiushika mpira kwenye tundu. Tulijaza mpaka oili ikaanza kuchuruzika kwenye mdomo wa tundu, na hapo ndipo penyewe. Nikasafisha nyuzi za nati kwa brashi. Kichwa kilikuwa kimeharibika, lakini nyuzi zilikuwa nzima, na kwa safari ile ingetosha.

"Mwambie aikaze kama mtu anayejua atarudi kuifungua," mama akaagiza. "Na aniambie ni fundi gani aliikaza vile mara ya kwanza, nisije nikampa kazi."

Mke wangu alinigeukia na ujumbe. Alikuwa analijua jibu. Alikuwepo Kambarage siku ile, na majirani na vikombe vyao, nilipoinua bomba refu na kuwatangazia kwamba sasa hii haitavuja milele.

"Mwambie ni mimi," nikasema.

Mama mkwe wangu akacheka, kicheko cha tumboni, kirefu, kilichogonga mabati na kurudi. Katika miaka kumi na moja nilikuwa sijawahi kukisikia.

Saa nane mchana maji ya darajani yalikuwa yameshuka. Tulitundika kanga nyuma ya kiti changu ili mama akae nyuma kwa heshima yake, tukapita Katoro tukinunua mahindi ya kuchoma dirishani, tukapita Ushirombo jua likiwa bado kali. Kila baada ya muda sauti ilitoka nyuma ya kanga: mwambie gia hiyo bado, mwambie difu iko kimya, vizuri. Nilimkanya mke wangu asinifikishie yote.

Ijumaa asubuhi alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango, sikuondoka hata kwenda kunywa chai. Kesho yake, kabla madaktari hawajafunga mizigo yao, wakamtoa bandeji, na mimi nikasogea mbali kwenye ukumbi, nikageukia ukuta. Nilimsikia mke wangu akilia, akicheka, akilia tena. Kisha akatokeza kichwa.

"Njoo mlangoni."

"Nani kasema?"

"Njoo tu."

Nilikwenda. Nilisimama kizingitini nikiwa nimeinamisha kichwa, macho kwenye sakafu, kama nilivyofanya siku ya mahari na siku zote zilizofuata. Kitanda kililia. Nilijua ananitazama, na ananitazama kwa muda mrefu.

"Mwambie mume wako anyanyue uso," akasema. "Nimetoka mbali kuja kumwona."

Mke wangu alifungua mdomo anifikishie ujumbe, lakini mimi nilikuwa nimeshanyanyua uso, na machozi yananitoka.