Safari zangu za mihogo Kapolowe, na vidonge vya marehemu mdogo wangu

Wakuu, nawasalimu kutoka Likasi. Niko matangani bado. Sikusoma sana, ila humu sijatia chumvi, na sehemu inayoniaibisha sijaifuta.

Mdogo wangu Ilunga alikuwa mchimbaji. Alipokutwa na virusi vya UKIMWI alipewa dawa: kidonge kimoja kwa siku, basi.

Kidonge kilikuwa chepesi. Wazito walikuwa watu.

Hapa kwetu Kikula, kichupa cha vidonge hivyo kina mlio wake. Kikicheza mfukoni, mama muuza nyanya wa njiani anajua, na kabla hujafika nyumbani mtaa mzima umeshakuonea huruma. Ilunga alikijaza pamba, akakificha ndani ya mfuko wa makaa. Wageni wakichelewa kuondoka, siku hiyo hamezi.

Foleni ya kituo chetu cha afya aliikimbia. Nikawa namchukulia dawa Kapolowe, tusikojulikana. Nyumbani niliaga kwamba nafuata mihogo.

Siku moja, foleni ya huko, nikakutana uso kwa uso na shemasi wa kanisa letu. Kichupa kama cha Ilunga mkononi mwake.

"Mama, weye unafanya nini huku?"

"Nafuata mihogo, shemasi."

"Hata minye nafuata mihogo. Mihogo ya huku iko muzuri sana."

Tukatazama ukuta. Muhogo hapakuwa na hata mmoja.

Wiki chache baadaye, shemasi huyohuyo alimwita Ilunga mbele ya kanisa ashuhudie kwamba amepona "uchovu". Kila mtu alielewa uchovu gani, kila mtu akajifanya hajaelewa. Kweli alikuwa amenenepa. Vidonge vilifanya kazi, vigelegele vikaenda kwingine.

Nyumbani akaniuliza mimi dada yake, "Yaya, sasa nitakunywa namna gani dawa ya ugonjwa wenye ulishaisha? Wakinikuta nayo, watasema minye nilidanganya Mungu."

Wakuu, ningeweza kumwambia, hata bila jina, kwamba wanaoombea nao wanameza. Nilinyamaza. Nilijiita mtunza siri. Ukweli, niliogopa kuulizwa nilijuaje.

Niliendelea kumletea. Alipokea, akashukuru. Akakonda. Akafa.

Matangani wengine walisema ni sumu ya wachimbaji wenzake. Shemasi akahubiri kwamba imani ilipungua. Kitambaa cha sare ya msiba kilipatikana kwa siku moja. Wa kumuuliza marehemu kama amemeza hakupatikana miezi yote ile, mimi nikiwemo.

Jina la shemasi silitaji. Afya yake ni siri yake, na naomba asikose kidonge hata siku moja.

Baada ya mazishi nilikuta vichupa vitatu kwenye makaa, vimezungushiwa pamba, havijafunguliwa. Pamba nikaitupa. Nikavirudisha kituo cha hapahapa Kikula, mchana, nimevaa sare ya msiba. Vililia mkobani njia nzima.

Mama wa nyanya akaniita. "Mama, iko nini hiyo?"

"Dawa za mudogo wangu. Aliogopa mutazisikia."

Akazipanga nyanya zake upya, moja moja. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Foleni ya hapa, iko murefu?"

Nilichojifunza: dawa inamezwa na mmoja, lakini nyumba nzima inaweza kumzuia, hata kwa kunyamaza tu.

Mliopitia haya, andikeni hapa chini. Nyie mihogo yenu mnaifuata wapi?