Miaka Tisa Isiyohesabiwa

Selpha Wamalwa hakuuza ardhi ya mtu yeyote kabla ya kunywa chai ya mke wa mtu huyo. Kitengela nzima ilijua. Mabroka wenzake, waliokuwa wakishinda nje ya duka la vifaa vya ujenzi wakivizia magari ya wateja kutoka Nairobi, walimwita Mama Chai, na walipotaka kumchokoza zaidi walimwuliza kama siku hizi analipwa kwa vikombe. Alichukua daftari lake, akavaa gambuti, akaenda kukanyaga ule udongo mweusi unaoshika mguu kama deni, kutafuta bikoni, yale mawe ya mipaka, zilizofunikwa na nyasi.

Alifika Kitengela mwaka wa 1993, mumewe alipopata kazi ya ufundi wa cherehani katika kiwanda kimoja cha nguo kule Athi River. Walipanga chumba kimoja, na kwa mwaka mzima Selpha alitembea akitafuta ploti yao wenyewe. Walipoipata, alikuwa amejua mipaka ya mashamba kuliko wengi waliozaliwa pale. Watu wa kanisani wakaanza kumwomba awatembeze. Hivyo ndivyo alivyokuwa broka, bila kuamka siku moja na kusema sasa mimi ni broka.

Mauzo yake ya kwanza ndiyo yaliyomfunza chai. Ilikuwa ekari moja tu. Mzee mwenye ardhi alifika mbele ya baraza la ardhi la Kajiado akiwa na mwanamke aliyevaa shanga na shuka safi. Mwenyekiti akamwuliza mama huyo kama amekubali mumewe auze. Akaitikia kwa kichwa, na karatasi zikapigwa muhuri. Wiki tatu baadaye mnunuzi, mwalimu aliyeitwa Nzioka, alipeleka mawe ya msingi akamkuta mwanamke mwingine ameketi juu ya bikoni na watoto wanne. Huyo ndiye alikuwa mke. Yule wa barazani alikuwa amekodiwa kwa nauli na chakula cha mchana. Nzioka alizunguka mahakamani miaka minne. Hakumlaumu Selpha hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma Selpha kuliko matusi.

Tangu hapo akaweka sharti lake. Kabla ya mteja kuona hati, yeye na mteja wangeenda nyumbani kwa mwenye ardhi, waketi, wanyamaze, nao wapikiwe chai. Wakati maji yanachemka Selpha alitazama mikono ya mpishi.

"Mke wa kukodi anaweza kuvaa shanga," alimwambia mumewe, "anaweza hata kuitikia kwa kichwa. Lakini hajui sukari iko wapi."

Kwa miaka tisa hakuna mteja wake aliyenunua kesi tena.

Mwaka wa 2003 mumewe alileta gazeti nyumbani, limekunjwa mahali pa tangazo. Bodi ya kusajili mawakala wa ardhi na nyumba ilikuwa inakumbusha umma kwamba mtu yeyote anayeuza ardhi ya wengine bila kusajiliwa anavunja sheria, na kwamba baada ya mwaka uliofuata hakuna atakayevumiliwa. Sheria yenyewe haikuwa mpya. Ilikuwa imeandikwa tangu miaka ya themanini, ila ilikuwa imelala, na Kitengela hakuna aliyeenda kuiamsha. Mabroka wa pale dukani walicheka, wakasema sheria ya Nairobi haina gambuti za kufika huku.

Selpha hakucheka. Aliogopa, ni kweli, lakini zaidi ya kuogopa alitamani. Alikuwa amechoka kuitwa broka kwa sauti ile ile watu wanayoitia mwizi. Kila mara mtu wa kanisani alipouziwa hewa na mtu mwingine kabisa, macho yalimgeukia yeye kwanza. Na muhula uliopita alikuwa ameona fomu ya shule ya binti yake Beverlyne. Kwenye nafasi ya kazi ya mama, mtoto alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri wa darasa la nane: Hakuna.

Hakumgombeza. Alijiandikisha masomo ya Jumamosi huko Nairobi, akakaa darasani na vijana wanaoweza kuwa wanawe, akasoma kukadiria thamani, mikataba na sheria za upangaji, akafanya mtihani akapita. Kisha akajaza fomu ya usajili. Mahali palipoulizwa uzoefu, aliandika ukweli wake kwa kujivunia, akapigia mstari: Miaka tisa.

Karani aliyeipokea alikuwa kijana mpole mwenye tai fupi. Alisoma, akarudi juu, akasoma tena.

"Mama, hii miaka tisa ilikuwa chini ya wakala gani aliyesajiliwa?"

"Chini ya jua," Selpha akasema.

Karani alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamwishia. "Basi huu si uzoefu. Hili ni kosa. Umetuandikia kwa mkono wako mwenyewe kwamba umevunja sheria miaka tisa, halafu ukaweka sahihi."

Selpha akauliza mtu hupataje uzoefu basi. Akaelezwa kwa upole ule ule: aajiriwe na wakala aliyesajiliwa, afanye kazi chini yake miaka miwili, kisha wakala huyo amwandikie barua. Akauliza kama miaka tisa ya kweli haiwezi hata kununua miwili. Karani akasema hapo ni juu ya uwezo wake, akamrudishia fomu pamoja na kalamu aliyokuwa ameisahau. Selpha aliandikia bodi barua tatu katika miezi iliyofuata, akieleza jambo lake kwa urefu. Hakupata jibu hata moja.

Wakala aliyesajiliwa wa karibu alikuwa Gakuru, mwenye ofisi Kajiado mjini juu ya duka la dawa za mifugo. Cheti chake kilikuwa ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu, mahali ambapo mteja angekiona kabla ya kumwona Gakuru mwenyewe. Alimpokea Selpha vizuri mno. Akamwambia sifa zake zimefika, na kwamba barua ya miaka miwili si kitu, inaweza kuandikwa leo na tarehe zikajipanga zenyewe. Alichohitaji ni msaada katika faili moja tu.

Faili ilikuwa ya ekari arobaini za Mzee Sironka, upande wa kuelekea Mashuuru. Mnunuzi alikuwa Nyakio, mama mfanyabiashara wa Nairobi, na mama huyo alikuwa ameambiwa na rafiki zake asitoe hata shilingi mpaka Mama Chai wa Kitengela anywe kwanza.

"Kikombe kimoja," Gakuru akasema. "Unakunywa, unampigia simu, unachukua barua yako."

Selpha alilala na jambo hilo siku mbili. Barua ingekuwa ya uongo, alijua. Lakini alikuwa na miaka tisa ya kweli isiyo na barua, na aliona kwamba Mungu, ambaye anajua hesabu, angeweza kutoa miwili humo. Chai yenyewe haikuwa uongo. Kama mke yupo na amekubali, kosa liko wapi? Siku ya tatu akakubali.

Yeye na Gakuru walifika kwa Sironka asubuhi, umande ukiwa bado kwenye miiba. Mzee aliwapokea, akawaingiza katika nyumba ya udongo iliyoezekwa mabati, na ndani alikuwepo mwanamke wa makamo aliyewasha moto tayari.

"Takwenya," Selpha akamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," mwanamke akaitikia, bila kuinua macho.

Maziwa yalikuwa tayari. Majani ya chai yalikuwa mezani, na vikombe vinne vimepangwa juu ya sinia kama vya mgeni wa serikali. Mtu alikuwa amewaza mapema. Ila mtu huyo, akiwa mwanaume, hakuwaza sukari.

Mwanamke akafungua mkebe wa mafuta ya Kimbo kwenye rafu. Maharagwe. Akafungua mwingine, misumari ikalia ndani yake. Akainama chini ya kitanda, akainuka. Gakuru akaanza kusimulia habari za mvua kwa sauti kubwa. Selpha alitazama mikono ile ikipapasa, na akajikuta akifanya jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya katika miaka yote ya kunywa chai za watu. Alikuwa akimwombea. Ipate, mama, aliomba moyoni. Ipate tu.

Na Selpha mwenyewe alikuwa ameshaiona. Ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki wa buluu, imening'inizwa kwa kamba kutoka kwenye boriti, juu ya kichwa cha mwanamke yule, mbali na sisimizi na watoto. Ndivyo mwenye nyumba mwangalifu anavyoweka sukari. Selpha angeinua kidole tu. Angesema, ni ile pale, na wote wangecheka, na chai ingekuwa tamu, na barua ingekuwa kwenye mkoba wake kabla ya saa sita.

Mkono wake ulibaki magotini.

Mwanamke akamimina chai vivyo hivyo. "Hapa hatutumii sukari," akasema.

Selpha akaweka kikombe chini. "Mama wa nyumba yuko wapi?"

Gakuru akaiacha mvua yake. Sironka akatazama fimbo yake. Mwisho aliyejibu ni yule mwanamke, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. "Iko Entarara. Mama yake iko mgonjwa sana. Mimi ni jirani tu."

"Ardhi ni yangu," Sironka akasema. "Jina ni langu kwa hiyo taito."

"Jina ni lako, mzee. Na hii nyumba tumekaa, nani aliijenga?"

Kila mtu mle ndani alijua ni mikono ya mke wa Sironka iliyokandika kuta zile.

Nje, karibu na gari, Gakuru hakuwa mtu mpole tena. "Mama Bev, wewe unataka cheti ama unataka sukari?"

"Nataka vyote viwili."

"Hapo ndio mnakosea nyinyi mabroka. Sheria huniuliza kama niko na cheti. Haijawahi kuniuliza sukari."

Alimwacha arudi kivyake. Jioni Nyakio akapiga simu, akauliza neno moja, umekunywa? Selpha akasema hakunywa. Mama yule akashukuru, akakata, na ekari arobaini zikabaki kwa wenyewe.

Siku kumi na moja baadaye barua ikafika kutoka Nairobi. Bodi ilikuwa imepokea malalamiko kwamba yeye, Selpha Nafula Wamalwa wa Sanduku la Posta Kitengela, anafanya kazi ya uwakala bila usajili. Aache mara moja au ashtakiwe. Majina yote yalikuwa sahihi, hata herufi haikukosewa. Mumewe aliisoma mara mbili akitafuta cha kumfariji, akasema angalau sasa wanamjua. Selpha hakuzungumza naye mpaka chakula cha jioni ya siku ya pili.

Aliteremsha kwa mkono wake kibao cha kazi yake kilichokuwa mlangoni, akakigeuza ukutani nyuma ya choo. Mabroka wa pale dukani waliendelea kuvizia magari kama jana na juzi. Wao hawakupata barua yoyote, kwa kuwa hawakuwahi kujaza fomu. Hakuna ofisi iliyokuwa na majina yao.

Mke wa Sironka alirudi kutoka Entarara baada ya mazishi ya mama yake. Watu humwita Ng'oto Lanoi, yaani mama yake Lanoi, mwanawe wa kwanza. Aliposikia habari alituma neno, Selpha akaenda. Ng'oto Lanoi alikuwa akisimulia ugonjwa wa mamake, mgongo ukiwa umegeukia moto, na katikati ya sentensi mkono wake ukapanda juu wenyewe ukafungua ule mfuko wa buluu. Hakuangalia. Akamwekea vijiko vitatu.

"Sasa serikali imekupatia karatasi?" akauliza.

"Bado sina."

"Na huyo mwanaume ya Kajiado iko nayo?"

"Iko. Ya fremu."

Ng'oto Lanoi akakoroga chai yake. "Basi hiyo siku ingine ataleta mwanamke amefundishwa mahali ya sukari."

Selpha alijua ni kweli. Alirudi nyumbani na utamu ule mdomoni, umemkaa kama kitu cha kutema, na akawa na hasira mpya, kwa kuwa ile ya zamani alikuwa ameanza kuizoea.

Januari ya 2005 wakala mmoja wa Nairobi alikubali kumwajiri kama karani: kupokea simu, kupanga faili, kuwapikia wateja chai. Baada ya miaka miwili angemwandikia barua. Wakala huyo alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba na hakuwa amewahi kuona bikoni iliyofunikwa na nyasi. Akamsogezea Selpha fomu ya kuajiriwa, akamwomba radhi, akasema ni utaratibu tu.

Alijaza jina. Alijaza umri. Alipofika penye uzoefu katika kazi hii, kalamu ilisimama. Akaikumbuka fomu ya Beverlyne, na ule mwandiko mzuri. Kisha akaandika neno lile lile, kwa nguvu kiasi kwamba lilitokeza upande wa pili wa karatasi: Hakuna.