Bampa ya Nyuma Mpaka Krismasi

Mbele ya gari nililinda kwa macho yangu. Ubavuni nililinda kwa mdomo, maana mtu akisogea na mzigo wake nilimwona kwenye kioo na nikamwambia yanayomfaa. Nyuma ndiko kulikonikosesha usingizi. Nyuma ya pikapu kila mtu huona ni kwake. Mpakiaji hukanyaga bampa akipanda, mama anayengoja bei ya kabichi ipande hukalia, na mwenye ng'ombe akikosa mti hufunga kamba pale pale na kwenda zake kunywa chai. Mwaka ule sikutaka alama yoyote mpya kwenye bampa yangu, na nitaeleza kwa nini, msije mkadhani nilikuwa mwanamke wa kupenda vitu vya kung'aa.

Mume wangu alikuwa polisi Kiganjo, mwenye kazi ya kuwafundisha makurutu gwaride. Kwao ni magharibi, kwetu ni Ukambani, na nyumbani tulisema Kiswahili kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa mkaidi wa kujifunza lugha ya mwenzake. Alipostaafu, katika miaka ya sabini, hatukurudi kwao wala kwetu, tulibaki huko huko karibu na Nyeri. Alinunua pikapu, nzee kidogo lakini safi, bampa yake ya nyuma ikiwaka jua likiipiga. Akanifundisha kuiendesha kwenye barabara ya vumbi, kwa sauti ile ile aliyowapigia makurutu, hata nilipokuwa nimekaa karibu naye bega kwa bega. Nilikuwa namjibu kwa sauti ya kwangu. Watu waliotusikia walidhani tunapigana.

Hatukukaa nayo sana pamoja. Kifua kilimshika, na mvua za mwezi wa nne zilipoanza tukamsafirisha kwenda kuzikwa kwao.

Matanga yalipoisha, mdogo wake akaomba watu wakae chini wazungumze. Huyu shemeji yangu alikuwa akiuza mbao mjini Nyeri, na tulizoeana vizuri tu kabla ya hapo. Alisema gari ya marehemu haiwezi kukaa kwa mwanamke. Mwanamke ataigonga huku, ataikwaruza kule, na mwisho itabaki ya kufugia kuku. Afadhali aichukue yeye, halafu awe ananisaidia kwa chochote kitakachopatikana. Nikamwambia kitu cha kunisaidia tayari ninacho na ufunguo wake uko kifuani mwangu. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Baba yao mdogo, mzee ambaye wote walimsikiliza, akasema suala hilo litaamuliwa Krismasi, naye atakuja Nyeri mwenyewe. Ndipo shemeji akaweka sharti lake mbele ya watu.

"Sawa, akae nayo mpaka Krismasi," alisema. "Lakini mzee akikuja apate iko na alama, hata moja, mimi nachukua gari."

Nikasema sawa. Nilisema kwa hasira na haraka, na watu wakatawanyika wakiona tumepatana. Ni baada ya kutoka nje, nikiwa nasuuza vikombe, nilipokumbuka kwamba alama moja ilikuwepo tayari.

Mume wangu akiwa hai, shemeji aliwahi kuazima pikapu apeleke mbao Sagana. Aliirudisha jioni, akairudisha nyuma hadi ikagusa ua wa michongoma, akampa mtoto wetu ufunguo na kuondoka bila kuingia ndani hata kuonja uji. Asubuhi mume wangu alipoitoa uani tukaona bampa imebonyea pembe ya kushoto, kibonyeo cha ukubwa wa yai, na ndani yake vumbi jeupe la saruji. Nilitaka kwenda mjini saa hiyo hiyo. Mume wangu akanishika mkono. Alisema yule ni ndugu yake, na nisimwambie mtu yeyote, nami nikamwahidi.

"Atasema mwenyewe," aliniambia. "Wewe ngoja tu."

Tukangoja. Shemeji alikuja nyumbani mara nyingi, akala, akacheka, hakusema. Mume wangu akafa, na bado hakusema. Na sasa yeye huyo huyo ndiye aliyekuwa anataka gari isiyo na alama.

Fundi wa bodi mjini aliniambia kibonyeo kile ni kazi ya muda mfupi, akigonga kwa ndani hakuna atakayejua. Nilikataa. Sikukibonyeza mimi, na sikuwa na nia ya kurekebisha kosa la mtu kwa kujificha kana kwamba ni langu. Kusema nako sikuweza, kwa sababu nilimwahidi mtu ambaye sasa hangeweza kunifungulia ahadi hiyo. Kilichobaki mikononi mwangu ni kuhakikisha kwamba alama ile inabaki peke yake. Nilijiambia mzee akija, ataona bampa ambayo mwanamke ameitunza tangu mvua za mwezi wa nne hadi Krismasi, na kibonyeo kimoja, na hapo Mungu atajua la kufanya.

Majirani walinishauri niifunike gari niiache. Lakini watoto walikuwa shuleni, na mimi nilikuwa na wateja. Nilikuwa nachukua kabichi na viazi Giakanja na kuvileta soko la Nyeri, na nikipata mzigo wa kushuka Sagana sikuukataa.

Kwanza nilihangaika na viatu. Wapakiaji wote walivaa akala, zile kandambili za tairi, na chini yake zina misumari. Mtu mmoja akipanda na gunia la viazi begani, msumari wake unachora bampa kama kalamu. Nikatoa amri kwamba hakuna kukanyaga bampa yangu na viatu. Kule Giakanja, mwezi wa saba, matope yakiwa baridi ya kuuma mifupa, niliwasimamisha wanaume wazima wakavua akala wakapanda pekupeku. Mmoja wao aliniuliza, "Mama, kwani hii gari ni msikiti?" Nikamjibu kwamba msikitini watu hunawa miguu kwanza, kwa hiyo ashukuru. Walicheka, lakini wiki iliyofuata nusu yao walikwenda kumpakilia mtu mwingine.

Nikaona amri peke yake haitoshi. Nikachukua gunia, nikalijaza maganda ya mahindi makavu mpaka likawa nene kama godoro, nikalishona, nikalifunga kwenye bampa kwa katani. Nilijiona mjanja sana. Sasa mtu akanyage atakavyo, agonge atakavyo. Wiki ya pili nikaenda Giakanja siku ya soko, nikaegesha, nikaingia kutafuta viazi. Niliporudi nilikuta watu wameizunguka gari yangu wanashika mbavu kwa kicheko. Ng'ombe wawili walikuwa wamelitoboa gunia na wanajilia maganda bila wasiwasi, na mmoja alikuwa akivuta katani kwa meno huku pikapu ikitikisika. Mtu mwenye akili gani anajaza chakula cha ng'ombe kwenye gunia na kulipeleka soko la ng'ombe? Mimi. Nilimfukuza yule ng'ombe kwa kiatu changu mwenyewe, na mwenye ng'ombe akaniuliza kama kesho nitaleta tena.

Bampa haikuumia. Lakini nilipolifungua gunia lililobaki, kwa kuwa mvua za manyunyu zilikuwa zimelilowesha siku zote, nikaona vidoa vya rangi ya kahawia chini yake. Kutu. Nilikuwa nailinda bampa dhidi ya watu huku naiozesha kwa mkono wangu. Jioni ile nilichuchumaa uani na majivu na kitambaa chenye mafuta ya taa, nikasugua mpaka vidole vikawaka moto, na vile vidoa vikaondoka kwa sababu vilikuwa vichanga. Nilikasirika, na hasira ile ilinisaidia. Shemeji alikuwa na mdomo tu, mimi nilikuwa na mpaka Krismasi.

Jibu lilikuwa miguuni mwa wale wale wapakiaji. Nilimtazama mmoja akiruka kutoka juu ya lori na kutua juu ya jiwe, akaenda zake bila hata kuchechemea. Akala ile ilikuwa imekula kishindo chote. Nikaenda mjini kwa mzee mmoja aliyekuwa anakata tairi na kushona akala, nikamwomba aniuzie tairi la lori, nusu yake, lililokatwa kwa urefu. Aliuliza nina mguu wa ukubwa gani. Nikampeleka nje nikamwonyesha bampa.

Kutoboa bampa nipige bolti sikutaka, maana tundu nalo ni alama. Kwa hiyo nilifunga lile tairi kwa vipande vya mpira wa tyubu, nikivivuta mpaka nikatoa ulimi, nikavipitisha chini na kuvifunga mafundo ya kufunguka kwa kuvuta. Kila jioni nililifungua tairi, nikaikausha bampa, nikaipaka mafuta kidogo. Kila asubuhi nililifunga tena, iwe mvua iwe jua. Watoto walisema naivalisha gari nepi. Wapakiaji wangu walirudi na viatu vyao, na mimi nikanyamaza kwa mara ya kwanza mwaka ule.

Karibu na mwisho wa mwaka nilikuwa nimesimama mjini Nyeri kwenye mteremko wa kushukia sokoni, nikingoja lori la mbele lisogee. Nikasikia watu wanapiga mayowe. Kwenye kioo niliona mkokoteni uliojaa viazi umewashinda wenyewe, unashuka peke yake, nao wanaukimbilia nyuma. Sikuwa na pa kwenda. Nilishika usukani nikafumba macho, na kishindo kikaisukuma gari mpaka ikaruka kidogo. Niliposhuka viazi vilikuwa vimejaa barabarani na wenye mkokoteni wananiomba msamaha wote kwa pamoja. Sikuwasikia. Nilipiga magoti kwenye lami, nikavuta mafundo, tairi likaanguka. Chini yake bampa ilikuwa inang'aa kama nilivyoifunga asubuhi, pamoja na kile kibonyeo cha pembeni. Basi nikakaa juu ya bampa yangu, jambo nililomkataza kila mtu, nikalia mbele ya soko zima. Nilimlilia mume wangu pale kuliko nilivyomlilia kaburini.

Mzee alifika kwa basi siku moja kabla ya Krismasi. Tulimkaribisha, akala, akaulizia watoto na shule zao. Kesho yake shemeji alikuja baada ya kanisa, akiwa na suti. Chai ilipokwisha, mzee akasema twende nje tuione gari, ili maneno haya yaishe na yeye ale Krismasi kwa amani.

Akaizunguka taratibu, mikono nyuma. Alitazama mbele, akatazama milango. Alipofika nyuma akauliza kile kitu cheusi ni nini. Shemeji akasema ni ujanja wa kuficha, wafungue waone. Nikavuta mafundo mimi mwenyewe. Mzee akainama, akapitisha kiganja juu ya bampa kutoka kulia kwenda kushoto, na alipofika mwisho mkono wake ukasimama.

"Na hii, mama?"

Hapo kila mtu alinitazama. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya siku hiyo tangu mwezi wa nne, mengine makali sana, na yote yalikuwa kwenye ulimi.

"Baba, hiyo si yangu," nilisema.

"Ni ya nani?"

"Si yangu. Ya nani, mimi siwezi kusema."

Mzee alinitazama, akaona kwamba hata angenikalisha pale hadi mwaka mpya nisingeongeza neno. Shemeji alikuwa amekitazama kile kibonyeo, na nilijua anakumbuka ule ua wa michongoma. Alidhani hatukuwahi kukiona. Sasa aliniona mimi, na aliona kwamba nilijua siku zote, na kwamba kama mimi nilijua basi na kaka yake alijua. Angeweza kunyamaza, na gari ingekuwa yake jioni ile.

"Ni mimi," alisema. "Hiyo ni mimi niligonga, Sagana. Kaka akiwa bado hai."

Hakuna aliyemkemea. Mzee alijifuta kiganja kwenye koti, akasema kama sharti ni alama basi aliyeshindwa anajulikana, na gari ikae pale ilipo. Akarudi ndani kutafuta chai nyingine, na wengine wakamfuata.

Nilibaki kufunga tairi langu, maana mawingu yalikuwa yanashuka kutoka mlimani. Shemeji naye hakuondoka. Alipiga goti kwenye vumbi na suti yake ya Krismasi, akalishika tairi upande wa kushoto ili mimi nivute mpira. Tulifunga mpaka tukafika fundo la mwisho.

"Ndugu yako aliniambia ungesema mwenyewe," nilimwambia. "Alikungoja."

Aliinamisha kichwa, mkono wake juu ya tairi, pale pale palipobonyea.

"Kaza huko," nikamwambia.