Mashahidi Wawili

Kaka yangu alipotea akitoka Wajir na ngamia watatu, mwaka mmoja wa ukame katikati ya miaka ya tisini. Alitarajiwa Garissa Jumatatu. Kufika Jumatano hakuwa ameonekana, na wanaume wanne wakapakia mapipa ya maji kwenye lori wakaenda kumtafuta.

Mimi sikwenda. Nilikuwa mtu wa taar, ile redio ya kuongea na miji ya mbali, katika chumba cha mabati pale Waberi, mtaa wa Garissa. Harusi, bei za mifugo, misiba, vyote vilipita kwangu. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na majivuno ya kutosha watu kumi. Ukiniletea uvumi nilikukatiza papo hapo: "Umeona au umesikia?" Ukisema umesikia, nilitaka kujua kwa nani. Wazee walinicheka, lakini waliniamini kwa sababu hiyohiyo.

Asubuhi ya Alhamisi niliwaita Wajir. Nikataja jina la kaka na la baba yetu, nikataja ngamia, nikauliza: "Amekufa au yu hai?" Hawakuwa na habari.

Jumamosi mchuuzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Dagahaley akatuletea tanzia: amekufa, Mungu amrehemu. Nikasema mmoja hatoshi. Alasiri akaja dereva wa lori la mbuzi kutoka Wajir, asiyemjua yule mchuuzi wala hakupita njia yake, akasema yaleyale. Wote wawili walikuwa wamesikia tu, na siku hiyo sikuuliza kwa nani. Lisemwalo lipo, nikajiambia, mimi niliyekuwa nikiidharau methali hiyo. Wazee waliponitazama nikawaeleza kwamba watu wawili kutoka pande mbili hawawezi kukosea namna moja. Hata ndani ya msiba nilijiona mwerevu, Mungu anisamehe.

Mama alikataa. "Mwanangu yu hai," akasema.

"Unajuaje, hooyo?" nikamuuliza, nikimwita mama kwa Kisomali.

"Najua."

"Kujua bila ushahidi si kujua. Ni kutamani."

Nilimwambia hivyo mama yangu mzazi, mbele ya wageni. Akajifunika uso kwa shela yake. Jioni watafutaji walipopiga taar kutoka kituo cha njiani, niliwaambia warudi. Jumapili tukamswalia kaka swala ya ghaibu, na mkewe akaingia eda.

Ijumaa iliyofuata wachungaji walimkuta amekufa. Mguu ulikuwa umevunjika, na dumu lake lilikuwa kavu. Msoma nyayo mmoja, mzee wa maneno machache, alinipeleka kuona. Kutoka kwenye mgunga aliokuwa amejilaza chini yake, mburuzo wa mwili ulikwenda hadi kwenye njia ndogo, mbali na barabara kuu. Pale njiani palikuwa na alama za matairi, na gari pekee lililopita huko wiki ile ni lori letu.

"Tazama kipi kiko juu," mzee akasema.

Mburuzo ulikuwa juu ya matairi. Kaka alifika njiani baada ya lori kupita likirudi nyumbani.

"Alilisikia," mzee akasema. "Akajivuta."

Tulipokwisha kumzika nilimtafuta mchuuzi, nikamuuliza swali nililopaswa kumuuliza kwanza. Alisikia kwenye duka moja la Dagahaley lenye taar. Dereva naye alisikia Wajir, kwa mtu aliyekuwa na taar. Lini? Alhamisi, asubuhi. Nikamwita yule mwenye duka hewani, naye akashangaa.

"Si ni wewe uliyetangaza? Nilifungua redio nikakuta sauti yako unataja jina lake na kufa."

Masafa yale yalisikilizwa na kila mtu, nami nilijua hivyo kuliko yeyote. Mashahidi wangu wawili walikuwa mmoja, na huyo mmoja nilikuwa mimi, tena nikiuliza tu. Nilizima redio.

Sikumwambia mtu. Arubaini ilipopita mama aliniita, naye kwa neno hilohilo la hooyo, kama mama zetu wanavyowaita watoto wao, sauti yake ikiwa ya upole.

"Hooyo, neno lile la kifo lilianzia kwa nani?"

"Sijui," nikasema.

Akainua viganja, akamwomba Mungu amnyime raha ya dunia na akhera aliyelianzisha. Alipomaliza alinitazama, akingoja. Nikaitikia amina.