Kadi Mbili za Mama Nkandu

Kabwe alikuwa karani wa kadi, na kazi hiyo aliionea fahari kuliko mchimbaji anavyoionea fahari kofia yake ya chuma. Kila asubuhi alitoka mtaa wa Bel-Air kwa baiskeli, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, akaenda kuketi mbele ya mashine ya kutoboa matundu katika hospitali ya kampuni ya shaba. Kila mgonjwa alikuwa na kadi yake ya karatasi ngumu, na kila tundu lilikuwa na maana yake: malaria, kifua, mimba, sukari kwenye mkojo. Mashine nyingine, kubwa kama kabati, iliyasoma matundu hayo na kuchambua maelfu ya kadi kabla mtu hajamaliza chai yake. Kabwe aliwaambia majirani kwamba daktari husahau lakini mashine haisahau. Maskini, hakufikiri kwamba mashine haisahau kwa sababu haijui mtu.

Mwaka wa 1972 ikaja amri ya majina. Majina ya ubatizo yakapigwa marufuku nchi nzima. Mtu alilala Bwana Stanislas akaamka Citoyen Kabwe, yaani raia Kabwe. Kwa wafanyakazi haikuwa shida, maana kila mmoja alikuwa na namba ya kampuni, na namba haibatizwi. Shida ilikuwa kwa wake zao. Mke hakupewa namba. Aliandikwa kwa jina chini ya namba ya mumewe. Jina likibadilika, kwa mashine huyo ni mtu mwingine.

Kabwe aliliona jambo hilo mapema, na hapo tumsifu, kwa kuwa mbele hatutapata nafasi nyingine. Alinunua daftari la shule akaanza kuandika, kushoto jina la zamani, kulia jina jipya, ili kadi za mtu mmoja ziunganishwe. Mstari wa kwanza aliandika mke wake: Madeleine, Mujinga. Alikuwa amejaza kurasa kumi na moja siku Chola, mkubwa wa ofisi, aliposimama nyuma yake na beji ya chama kifuani.

– Citoyen Kabwe, njo nini hii? Majina ya bapadri ungali unaichunga?

– Ni ya kuunganisha kadi, chef. Bibi moja asikuwe bantu babili.

– Jina mupya, kadi mupya. Ile ya zamani tutaiona kisha. Ao unataka nipeleke kaye yako kwa comité?

Kabwe hakutaka daftari lifike kwa kamati ya chama. Watu walikuwa wamefukuzwa kazi kwa makosa madogo kuliko hilo, na nyumba ya Bel-Air ilikuwa ya kampuni. Angeweza kumpelekea daktari lile daftari kimya kimya, lakini aliogopa. Alilificha chini ya shati, akalifikisha nyumbani na kulichoma kwenye mbabula, jiko la makaa ambalo mkewe alikuwa akichemshia maharagwe. Mke akauliza anachoma nini. Akajibu kwamba ni karatasi za kazi.

Nyumbani mwanamke huyo hakuitwa Madeleine wala Mujinga. Aliitwa Mama Nkandu, kwa jina la binti yao, na kwa jina hilo alijulikana sokoni na kanisani. Mwaka 1971 nesi alimkuta na sukari kwenye mkojo, akamwambia ni mara ya kwanza, wataangalia tena. Alirudi mwaka 1973. Nesi mwingine alimkuta na sukari, akatazama kadi mpya, akaiona tupu, akamwambia ni mara ya kwanza, wataangalia tena. Mama Nkandu alisema aliwahi kuambiwa hivyo hivyo. Nesi akajibu kwamba kadi haisemi.

Mwaka uliofuata daktari mmoja kijana akapata wazo zuri. Aliomba mashine itafute kila aliyekutwa na sukari mara mbili, waitwe wote, waanze kutibiwa. Kabwe mwenyewe ndiye aliyezilisha kadi mashineni. Orodha ilipotoka ilikuwa na watu sitini na watatu, na yeye akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, akimtafuta Mujinga. Mkewe hakuwemo. Lile daftari lililochomwa hakulikumbuka, au hakutaka kulikumbuka. Alirudi Bel-Air akipiga mluzi.

Mukuka, shemeji yake, alikuwa ameleta chupa ya asali kutoka Mitwaba, ikakaa majuma mawili bila kufunguliwa kwa sababu Mama Nkandu aliiogopa. Kabwe akaifungua na kummiminia kwenye chai.

– Baba Nkandu, kiu hii haiko ya bure. Na fasi minakojolaka, sisimizi banajaa.

– Mashine ilisoma kadi yote, Mama Nkandu. Jina yako haiko. Kunywa.

Akanywa. Mume anajua karatasi. Yeye ni nani hata abishane na karatasi?

Mwaka 1975 kiatu kipya cha plastiki kilimchubua kisigino. Kidonda kidogo, cha kupaka dawa ya duka na kusahau. Hakikupona. Kikaoza, kikapanda, na alipobebwa hadi hospitali alikuwa haelewi tena anachoambiwa. Walimkata mguu chini ya goti, na siku ya tatu akafa. Husemwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kabwe alilisikia la mkuu neno kwa neno, na guu likavunjika la mke wake.

Juma moja baada ya matanga alikwenda ofisi ya familia za wafanyakazi, pale pale hospitalini, ili jina la marehemu liondolewe. Karani wa pale, mama mmoja aitwaye Mumba, alivuta droo, akatafuta namba yake, akakunja uso.

– Pole, Citoyen. Njo bibi yako gani alikufa? Huku uko nao babili.

Hakuwa anatania. Aliziweka kadi mbili mezani. Madeleine: sukari, mara moja. Mujinga: sukari, mara moja. Matundu yote aliyatoboa Kabwe kwa mkono wake, na aliyatambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Alijichukia pale pale, amesimama, kofia mkononi.

Akaonyesha kadi ya Mujinga, na Mumba akaipiga muhuri wa kifo.

– Na huyu mwingine?

Kabwe alifungua kinywa. Kusema kwamba hao ni mtu mmoja kulimaanisha kueleza daftari, na mbabula, na nani aliyewasha kiberiti. Akasema:

– Huyu iko muzima.

Basi Madeleine akabaki hai kwenye droo miaka miwili. Mwaka 1977 akaja daktari mwingine, akasema kanuni ya mara mbili inawaacha nje wagonjwa wengi mno. Mara moja inatosha. Mashine ikachambua upya. Karatasi ikafika Bel-Air: Madeleine aje Jumanne asubuhi, kabla ya kula kitu.

Jumanne Kabwe hakula kitu. Alivaa shati lililopigwa pasi, akaenda kuketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa. Nesi alikuwa akiita majina kwa sauti kubwa. Alipofika kwenye hilo akatazama kushoto na kulia, kwa kuwa lilikuwa bado marufuku, akalisoma polepole.

Kabwe akasimama.

– Njo miye bwana yake.

– Yeye mwenyewe iko wapi? Dokotere anamungojea.

– Alikuyaka hapa, mama. Mara mbili alikuyaka. Njo miye nilimurudisha.

Nesi hakuelewa. Kisha akaandika kwamba mgonjwa hakufika, akaita jina lililofuata.